Kiki ya Kalerwe

Wewe mama mwenye kijana anayecheka na simu peke yake, hii nakuandikia wewe. Usiseme wako ana akili. Hata Obita wangu ana akili, hesabu alikuwa anazipasua, na bado nusura achomwe sokoni mchana kweupe, watu wakitazama.

Sisi tunakaa kota za askari magereza, Luzira, upande wa kuteremka Port Bell. Mume wangu Okeny analinda wafungwa. Wezi na wauaji tunao hapo hapo ng'ambo ya ukuta, wanalima mchicha na kuimba kwaya, wala hakuna anayewatamani. Lakini watoto wetu wanafungua simu kutafuta wauaji wengine wa kusikiliza.

Kipindi chao kinaitwa Chai na Maiti. Ni kijana mmoja, Bonny, na msichana, Amony. Wanakaa na vikombe, wanasimulia nani kamkata nani, na katikati ya maiti wanatangaza sabuni ya kuondoa madoa usoni. Jumamosi hiyo Julienne, jirani yangu Mkongomani anayeuza vitenge, alikuwa anamsuka binti yangu Anena uani. Obita aliketi kwenye ngazi, simu ameiweka juu ya jerikeni ili wote tusikie.

"Leo tuna mchungaji aliyejizika mwenyewe," Bonny akasema. "Aliwaambia waumini atafufuka."

"Akafufuka?"

"Kwaya haijamaliza hata wimbo wa kwanza, ametoka anaomba maji."

Julienne akacheka mpaka akaachia nywele. "Kwetu mchungaji anafufua watu wengine. Huyu anajifufua yeye mwenyewe, hapana sumbua mtu!"

Kisha wakaingia kwa mwanamke aliyemwekea mume wake sumu ya panya kwenye katogo yake ya asubuhi, mchanganyiko wa kuchemsha. Nilidhani sasa watanyamaza kidogo, maana mtu amekufa. Amony akauliza, "Katogo ya matoke ama ya mihogo?"

"Sikia hao," nikasema. "Maiti iko mezani, wao wanauliza mapishi."

"Mama, vitu vidogo vidogo ndivyo watu wanapenda," Obita akanijibu.

"Lakini ilikuwa ya nini?" Julienne akauliza.

"Ya mihogo," Obita akasema.

"Aa. Mihogo inaficha ladha."

Nikamtazama. Naye akarudi kwenye nywele haraka haraka.

Wakamalizia na mwanamuziki wao, Kapteni Sukari. Huyo kijana ana miwani ya jua hata ndani ya nyumba, na kila wiki ana habari. Wiki moja ameachwa na mke ambaye hajawahi kumwoa, wiki nyingine amezama ziwani, na akiibuka ana wimbo mpya. Hapa Kampala tunaita hiyo kiki: mtu anatunga balaa lake mwenyewe ili azungumzwe.

Okeny akauliza kutoka ndani, "Kapteni wa jeshi gani?"

"Wa muziki, Baba," Obita akasema.

"Alifuzu wapi?"

"Alianzia Kansanga."

"Kansanga kuna baa."

"Ndiyo huko huko, Baba."

"Basi ni kapteni wa chupa."

Bonny akateremsha sauti kama mtu wa msibani. "Fununu zinasema Kapteni Sukari anafuatwa na gari lisilo na namba. Kitu kikimpata wiki hii, mmesikia hapa kwanza."

"Maskini," Julienne akasema. "Mtoto mzuri vile."

"Maskini gani?" nikasema. "Watu wengine wanalala macho wakiogopa gari la namna hiyo lije kuwateka, yeye analiagiza kama rolex, chapati ya kukunja na mayai mawili!"

Kila mtu akacheka. Obita alitabasamu tu, akatazama chini. Mama mwenzangu, tabasamu lile ningelisoma siku ile nisingekuwa naandika leo. Lakini nilikuwa na raha ya kuwadharau watoto wa watu.

Siku mbili baadaye Okeny alitafuta buti zake za zamani, hakuziona. Jaketi jeusi nalo halikuwepo. Alipokwenda zamu nikamwita Anena.

"Kaka yako yuko wapi?"

"Mama, usinipige."

"Nitakupiga nikishasikia. Sema."

"Wanamteka Kapteni Sukari leo. Ni kiki, Mama, ni mchezo. Obita ndiye mtekaji mkuu. Walisema ana mwili wa kiaskari."

"Wanamtekea wapi?"

"Kalerwe. Sokoni. Kwa sababu kuna watu wengi."

Nikakaa chini palepale kwenye sakafu.

Kalerwe naijua. Kabichi zangu na dagaa wangu natoa kule. Ukipita na kitunguu ambacho hukununua, neno "mwizi" linafika mwisho wa soko kabla yako. Na mtu aliyekamatwa kule haulizwi jina. Hawa watoto wa muziki nyanya wanazijua zikiwa zimefungwa nailoni dukani. Wao waliona Kalerwe ni watu wengi wa kutazama. Hawakujua kwamba watu wa Kalerwe hawatazami.

Nikapiga simu ya Obita, imezimwa. Eti waliambiwa wazime ili ionekane kweli. Julienne aliniona natoka bila viatu vya maana, akaacha mzigo wake wa vitenge kwa Anena, tukapanda bodaboda moja wote wawili. Njia nzima yeye anaomba kwa Kifaransa, mimi namtukana Kapteni Sukari kwa Kiacholi, dereva wa Kiganda mbele yetu anasema amina kwa vyote.

Tulipofika, Adyero anayeniuzia kabichi, tunaitana kasitoma, alinipungia mkono akiwa amefurahi.

"Kasitoma! Umekosa sinema! Gari limekuja bila namba, wanaume watatu waliovaa nyeusi tii wametoka, wamemkamata kijana ananunua ovakado. Kijana akapiga yowe, 'Wananiua!' Na sisi tukaanza."

"Kijana gani?"

"Nani anajua! Kofia mpaka hapa, barakoa mpaka hapa. Wawili wakakimbia kupitia mtaro. Na yule aliyetekwa, sikiliza, yule aliyetekwa mwenyewe akaruka ndani ya gari la watekaji, akafunga mlango, akamwambia dereva toa gari! Umewahi kuona?" Alipiga makofi. "Lakini mmoja tunaye. Yuko kule kwenye viazi."

"Adyero," nikasema, "huyo ni mwanangu."

Uso wake ukabadilika. Akachomoa miguu kutoka kwenye kabichi zake, akanifuata.

Obita alikuwa amelala kati ya magunia, mdomo unatoka damu. Buti za baba yake zilishapata mwenyewe mwingine. Alikuwa analia, "Ni kiki! Jamani, ni kiki tu!"

"Kiki tunaijua," jamaa mmoja mwenye rungu akamwambia. "Na hii pia ni kiki. Lala vizuri."

Watu wakacheka. Walicheka kile kicheko cha Bonny na Amony, kile kile tulichocheka uani kwangu. Mwingine alikuwa anakuja na tairi begani, hana hata haraka. Na simu zimeinuliwa pande zote. Kijana mmoja wa simu akasema, "Mgeuzeni uso huku, jua linaharibu."

Nikapiga kelele kwamba mimi ni mama yake. Mwenye rungu akajibu, "Hata mwizi ana mama. Mama, kaa pembeni usije ukaumia." Nikasema baba yake ni askari. Hapo ndipo nilipokosea, wakaona basi ni mtekaji wa kweli, wakazidi kukasirika. Nikaona maneno yameisha, na tairi limewekwa chini.

Kwetu Acholi mama aliyezaa akivua nguo mbele ya wanaume kwa hasira, huo si uchi wa kutazamwa. Ni laana. Mwanaume aliyeuona anajua nyumba yake imekwisha, na hata Waganda wa mjini wanalijua jambo hilo. Mama yangu hakuwahi kufanya, bibi yangu hakuwahi. Nikasimama juu ya Obita, mguu huku, mguu huku, nikashika fundo la kitenge changu.

"Nimezaa watano, nimezika wawili," nikasema. "Huyu simziki leo. Atakayemgusa, atanitazama."

Kicheko kikakatika. Julienne akaja ubavuni kwangu, akashika fundo lake. "Na kwetu iko hivyo hivyo," akasema. Adyero akamwaga kabichi kutoka kwenye aproni, naye akashika lake. Mama wa dagaa akasimama. Mama wa ndizi akasimama.

Mungu wangu, ungeona wanaume wale! Mwenye rungu aliziba macho na kiganja, akarudi kinyumenyume mpaka akakaa ndani ya nyanya. Mwenye tairi aliliacha likaviringika lenyewe. Na simu zote, simu ambazo kila siku zinatazama makalio ya mastaa bila kuchoka, ziliinama chini kama zimeoneshwa jua. Kijana wa mwanga mbaya alikuwa wa kwanza kukimbia.

Tulimtoa Obita pale kwa toroli la kabichi. Alivunjika mkono na meno mawili.

Kesho yake Kapteni Sukari alijitokeza kwenye simu amelala kitandani, kichwani amefungwa bandeji safi kuliko shuka zangu. Alisema aliwapiga watekaji sita kwa nguvu za Mungu, na wimbo unatoka Ijumaa. Jina la Obita hakulitaja, wala kuuliza kama anapumua. Chai na Maiti wakapata video iliyorekodiwa kabla simu hazijainama, wakajadili kama "mama wa Kalerwe" alilipwa ama hakulipwa. Amony akasema naigiza vizuri, ila ningejipaka poda.

Halafu Bonny akanipigia. Sijui nani alimpa namba.

"Mama, njoo studio. Utarudia kidogo tu, pale kwenye fundo."

"Mwanangu, una mama?"

"Ninaye."

"Mwambie yeye aje ashike."

Akacheka, akadhani natania.

Nilikwenda kumlisha Obita uji. Uso umevimba, jicho moja limefunga. Alijaribu kusema kitu, nikainamisha sikio, nikidhani anaomba msamaha, ama anauliza kama mkono utapona.

"Mama," akasema, "ile video imetazamwa na watu wangapi?"

Niliendelea kumpa uji, kijiko kwa kijiko, mpaka bakuli likaisha, kisha nikatoka nje nikalia nyuma ya bafu.

Kwa hiyo mama mwenzangu, muulize wako anakwenda wapi, pamoja na nani, na kwa nini simu imezimwa. Muulize hata kama atakuona mshamba. Usitegemee fundo la kitenge. Mimi limenisaidia kwa sababu wale wanaume bado waliogopa. Tangu siku ile, vijana wananipita njiani wakishika viuno vyao kuniiga, na wanacheka. Nimewaona hata hapa kota. Wakimkamata tena, nikishika fundo, hao ndio watakaoinua simu na kuniambia nigeuke kidogo, jua linaharibu.