Shimo la Ndizi Chini ya Ngolo

Tarsisi mwanangu, nasikia unachimba shimo la kuivishia ndizi za ubatizo wa mjukuu wangu Verediana, pale bondeni chini ya ngolo zetu, yale mashamba ya mashimo ya mlimani. Kabla hujainua jembe tena, soma haya.

Mwaka ule wa mvua kubwa, wewe ukinyonya bado, Bwana Maji wa Kiingereza alikuja Litembo. Alitaka kujua mvua imeingia ardhini kiasi gani. Akampa baba yako Florian mwanzi mrefu: kila Jumapili baada ya misa autumbukize kisimani, achonge alama maji yanapofika. Baba yako aliubeba kama katekista na msalaba.

Mvua ikakatika, vumbi likaanza kutimka njiani. Alama zikazidi kupanda.

"Baba Kalista," nikamwambia baba yako, "maji ya chini yanapanda. Usichimbe shimo la ndizi bondeni."

"Yapande kwa mvua ipi? Mwanzi unazama kwenye tope tu. Wewe kuku akipiga chafya unamwita padri."

Dada yako Kalista alikuwa anaolewa Jumamosi. Wakwe wa Mbamba Bay tuliwaahidi ndizi mbivu, na ahadi kwa wakwe si ya kuchezea. Baba yako akachimba shimo bondeni, akalipasha moto, akapanga mikungu, akafukia.

Ijumaa tukafukua. Maji. Mikungu inaelea, mibichi, baridi kama vyura.

Baba yako akatazama ngolo juu mlimani. Unajua kwetu: mwanamume hufyeka na kulaza nyasi, mwanamke huchimba mashimo.

"Mashimo yako yamekunywa mvua yote," akasema. "Sasa yanakojolea ndizi zangu."

"Na mwanzi wako ulikuambia kila Jumapili."

Tukawapikia wakwe ndizi mbichi kwa maharage. Mzee Bartholomayo, baba wa bwana harusi, alikula sahani mbili, kisha akauliza kwa upole, "Mkwe, zile mbivu tutazila lini?"

Kalista akajifunika uso.

"Zinaoga," baba yako akajibu.

Mpaka leo wakwe wakituletea samaki huuliza kama ndizi zimemaliza kuoga.

Mwaka huu pia mvua imezidi. Mwanzi uko darini kwangu, njoo uuchukue, upime kisima kwanza. Ndizi ivisha jikoni, juu ya moshi. Na shimo hilo lifukie leo hii, usingoje kesho, maana Verediana ameanza kutambaa, na huyo hatambai kuelekea kwa mama yake.