Mume wa Mwezi kwa Mwezi

Jumatatu asubuhi, nyumbani kwake Bofu, Mwanatatu alipangusa meza ya kulia, akatandika kitambaa ili laptopu isikwaruze mbao, akaiwasha. Alikuwa kwenye eda. Mumewe Ismail alikuwa amezikwa wiki tatu nyuma, na kwa kuwa mjane mwenye mimba hatoki eda mpaka ajifungue, ofisi yake ya bima kule mjini, ng'ambo ya feri, ilimkubalia afanyie kazi nyumbani. Laptopu walimpa. Programu ya kuandikia na kupigia hesabu walisema kila mtu ajitafutie.

Akachukua ile ya kuonja, ya mwezi mmoja bure. Ilipomaliza kujipakia, Ismail alitoka msalani akipangusa miguu kwenye tambara, akavuta kiti, akaketi.

"Chai iko?" akauliza.

"Ya mkandaa. Maziwa yamekwisha."

Akamtilia. Ismail hakuinywa, aliinusa tu mpaka ikapoa. Mwanatatu alilia kidogo kwa furaha, akajifuta kwa ncha ya leso, kisha akaanza kazi, maana kulikuwa na madai ya lori lililopinduka Changamwe na ofisi iliyataka kabla ya saa sita.

Chakula cha mchana kililetwa na wifi yake Swabra, dada mkubwa wa Ismail, kama ilivyokuwa kila siku tangu matanga. Aliingia na bakuli la wali, akamkuta nduguye mezani.

"Ismail, umekonda."

"Nimekufa, dada."

"Hiyo si sababu. Baba alikufa na kitambi chake."

Hata hivyo Swabra alikuwa mtu wa kufuata taratibu. Jioni hiyo alipita kwa maalimu wa msikiti kuuliza kama eda ya wifi yake bado inasimama, mwenyewe marehemu akiwa nyumbani. Maalimu alifikiri, akasema eda huhesabiwa tangu mtu alipokufa, si tangu alipoacha kuja. Akauliza kama huyo marehemu anaswali. Swabra akasema anaswali, tena siku hizi kwa wakati. "Basi mwacheni," akasema maalimu, akaendelea kuvaa viatu.

Wenyewe hawakuchukua muda kuelewa. Mwanatatu akifunga programu, Ismail hayupo. Akiifungua, yupo, na mazungumzo yanaendelea pale pale yalipokatikia. Kwa hiyo akawa haifungi. Aliiacha wazi hata anapokwenda kulala, na Ismail akalala upande wake ule ule wa ukutani, na miguu yake ile ile ya baridi.

Sasa, lazima nieleze kazi ya Ismail, maana bila hiyo mtu hawezi kuelewa alichokitaka. Miaka kumi na moja alifunga na kufungua makontena kwenye yadi moja upande wa bara, na miaka yote kumi na moja alikuwa kibarua wa mkataba wa siku thelathini. Zikiisha, anasimama langoni na wenzake kungoja kama jina lake litasomwa tena. Kuna miezi yenye siku thelathini na moja, na siku hiyo moja huwa haina mwenyewe. Msimamizi husema, njoo tu, utatia sahihi kesho. Ismail alikwenda. Kontena likateleza. Yadi ilileta gunia la mchele na sukari ya matanga, ikaeleza kwa upole mwingi kwamba tarehe hiyo marehemu hakuwa mtu wao.

Ndoto yake ilikuwa moja, aandikwe kazi ya kudumu. Hakuwa na nyingine. Wengine huota Maka, wengine gari. Ismail aliota siku atakayokwenda kazini bila kuulizwa kama bado anafanya kazi.

Mwezi wa kuonja ukaisha. Asubuhi yake Ismail alikuwa amekaa kitini kama kawaida, lakini Mwanatatu alipomsalimu hakuitika. Alimpigia makofi mbele ya uso, wapi. Alimwita kwa jina alilomwita faraghani, ambalo hapa halituhusu, na hata hilo halikumfikia. Akawa wa kutazamwa tu.

Swabra akamleta Fidel, fundi wa kompyuta kutoka Mishomoroni. Alikuwa kijana wa bara aliyeishi pwani kiasi cha kujua kuvua viatu mlangoni. Kwa kuwa mwenye eda haonekani na mwanamume asiye maharimu wake, Fidel alikalishwa upande wa pili wa pazia, na laptopu ikapitishwa chini yake.

"Pole sana, madam," Fidel akaliambia pazia. "Hii ni kitu ya kawaida. Muda wake umeisha, kwa hivyo unaweza muona lakini huwezi muongezea kitu. Kuna njia mbili. Unaweza lipia kila mwezi. Hiyo iko sawa, kila kitu kipya kinaingia chenyewe. Lakini ukikosa mwezi mmoja anarudi hivi alivyo sasa. Na hao wenye kuuza wakiamka na masharti mengine, huna la kusema."

"Na ya pili?"

"Unanunua mara moja, unakuwa umemaliza. Ni yako daima, hakuna mtu atakusumbua. Lakini itabaki vile ilikuwa siku ulinunua. Mambo mapya haiingii. Kila ukiamka, ni ile siku."

Kisha Mwanatatu akauliza, "Na mtoto?"

"Mtoto gani?"

Swabra, aliyekuwa anaweza kuwaona wote wawili, akamchorea Fidel tumbo kwa mkono.

"Aah," akasema Fidel, na sauti yake ikashuka. "Mtoto ni jambo jipya, madam. Pole."

"Nguo ya kuazima haisitiri matako," akasema Swabra. "Nunua yako, wifi, ulale."

"Nguo hii ina masikio," Mwanatatu akajibu. "Nataka asikie mwanawe akilia."

Akachukua ya kila mwezi. Fidel alibonyeza alipobonyeza, na Ismail akageuza shingo, akauliza ni nani huyu aliye sebuleni na soksi zimetoboka. Fidel akacheka, akasema shikamoo, akaondoka na sahani ya viazi vya karai aliyofungiwa na Swabra.

Ilikuwa miezi mizuri, wallahi. Mwanatatu akiandika, Ismail humsomea namba za magari yaliyogongana, na akikosea husema "ngoja, ngoja" kama zamani. Mtoto alipoanza kucheza tumboni, Ismail aliweka kiganja akangoja, akapigwa teke, akasema huyu ni msichana, mvulana hana hasira namna hii. Mwanatatu alimpenda Ismail zaidi ya alivyompenda alipokuwa hai, na alimwambia hivyo. Ismail akasema ni kwa sababu sasa hatoki kwenda kazini.

Ila mwezi ulipokaribia kwisha, alibadilika. Aliamka kabla ya alfajiri, akapiga pasi shati lake, akaenda kusimama karibu na mlango, mikono nyuma. Chai aliacha hata kuinusa.

"Ismail, wafanyani hapo?"

"Wamesema nini?"

"Kina nani?"

"Wenyewe. Wananirudisha?"

"Nimeshalipa, baba. Kaa."

Alikaa ukingoni mwa kiti, kama mtu aliye ofisini mwa watu. Tarehe mosi ilipopita akatulia, akacheka, akarudi kuwa yeye. Mwezi uliofuata yakawa yale yale, na uliofuata tena. Alianza kusimama mlangoni mapema zaidi, mpaka ikawa nusu ya mwezi yuko na mkewe na nusu yuko langoni.

Siku moja mtoto alicheza kwa nguvu, meza ikatikisika. Mwanatatu akamwita aje aweke mkono. Ismail alibaki mlangoni.

"Njoo, atatulia sasa hivi."

"La. Nisimzoee," akasema. "Nikimzoea, halafu wasinirudishe?"

Mwanatatu alikuwa katikati ya kuandika madai ya mtu aliyevunjika mguu. Aliondoa mikono kwenye laptopu, akaiweka mapajani. Aliona kwamba alichokuwa akikifanya kila mwezi, akidhani ni mapenzi, kilikuwa ni kumrudisha mumewe langoni.

Walizungumza usiku huo, kila mmoja akitazama dari.

"Ninunue," Ismail akasema.

"Nikikununua hutamjua mtoto."

"Nitamjua."

"Utamjua siku hiyo. Kesho yake utakuwa umemsahau."

"Si utanionyesha tena?"

"Kila siku?"

"Utachoka?"

Mwanatatu akamvutia shuka. Ismail akageuka ukutani, akasema kwa sauti ya mtu anayeona haya, "Miaka kumi na moja sijapata usingizi tarehe thelathini. Hata wewe hujui. Nilikuwa nafumba macho tu."

Mwanatatu alikuwa hajui, kweli. Alilala ubavuni mwake miaka yote hiyo na hakujua.

Mwenye eda havai dhahabu, na bangili zake za mahari zilikuwa zimefungwa kwenye soksi ya mtoto ambaye hajazaliwa. Alimpa Swabra akaziuze mjini. Swabra alizipima mkononi, akatikisa kichwa, akasema maneno mawili matatu kuhusu wanawake wapumbavu, na macho yake yakajaa maji. Siku ya pili Fidel akaketi tena upande wake wa pazia. Kazi yenyewe haikuwa ndefu.

"Tayari," akasema. "Hii sasa ni yako, madam. Hakuna mwisho wa mwezi."

Mwanatatu akainuka na tumbo lake la miezi minane, akaenda mlangoni alikosimama Ismail.

"Umeandikwa," akamwambia.

"Kazi ya kudumu?"

"Ya kudumu."

Ismail alimtazama, akamtazama na Swabra, kuona kama wanamfanyia mzaha. Kisha akachomoa shati kwenye suruali, akaenda kukaa kitini, akalala hapo hapo, mdomo wazi, mpaka alasiri. Alikuwa hajawahi kulala mchana maishani mwake. Swabra alimfukuzia inzi kwa gazeti.

Mtoto alizaliwa mwezi uliofuata na eda ikaisha. Alikuwa msichana kweli, mwenye hasira. Mwanatatu alimleta nyumbani akiwa amezongwa kwenye leso, akamkuta Ismail anaamka kitini. Ismail aliangalia tumbo kwanza.

"Liko wapi? Jana lilikuwa hapa."

"Nimejifungua. Huyu hapa."

Alimchukua kwa mikono miwili, akamwadhinia sikio la kulia kama aadhiniwavyo kila mtoto mchanga, akamkimia la kushoto, akalia sana, akasema, "Tumwite Nasreen." Kesho yake aliamka akauliza tumbo liko wapi. Akamchukua, akamwadhinia, akalia, akasema tumwite Nasreen. Kwa kuwa alikuwa ni mtu yule yule, jina halikubadilika hata siku moja, na siku ya saba hapakuwa na ubishi wa jina gani liandikwe.

Mwanzoni Mwanatatu aliona uchungu kila asubuhi. Kuna siku alichelewa makusudi kumwamsha. Swabra alimgombeza. "Kuna waume wana watoto sita na hawajawatazama hata mara moja," akasema. "Wako anamtazama kila siku. Wacha kudeka." Mwanatatu akajifunza kuwahi, na siku hizi humwekea kanga safi mapajani kabla hajaamka, maana machozi ni mengi.

Ofisi ya bima imebadilisha programu mara mbili tangu hapo. Ya Mwanatatu imebaki ya zamani, inafungua mafaili kwa kuguna, na Fidel akipita husema itafika siku haitaweza tena. Mwanatatu humwambia siku hiyo haijafika, anywe chai.

Kwenye yadi hakuna kilichobadilika. Nafasi ya Ismail ilipewa Nzai, jirani wa nyumba ya tatu, kwa mkataba wa siku thelathini. Hupita dirishani asubuhi na kofia yake ya kazi. Hata tarehe thelathini na moja hupita. Mwanatatu huweka mkono dirishani na kumwambia, "Nzai, leo usiende, leo huna mwenyewe." Nzai husimama kidogo.

"Nisipokwenda leo, kesho sisomwi, Mama Nasreen."

Ismail, akisikia sauti ya mwenzake, hunyoosha shingo kutoka kitini. "Nzai! Jana nimeandikwa kazi ya kudumu!"

"Hongera, kaka," Nzai husema. Amelisema mara nyingi na hulisema vizuri kila mara. "Na sisi tuombee."

"Nawe watakuandika, inshallah."

"Amin," husema Nzai, na kuongeza mwendo, maana lango hufungwa saa moja.

Nasreen ana miaka minne sasa, anakwenda chekechea. Mwanatatu hana haja tena ya kueleza. Mtoto mwenyewe hunawa uso, huvaa sare, huenda kusimama mbele ya kiti na kungoja mpaka babake afumbue macho.

"Shikamoo, Baba. Mimi ni mwanao. Nimezaliwa."

Ismail humtazama kuanzia viatu mpaka nywele. "Wangu mimi?"

"Wako."

"Mbona mkubwa hivi?"

"Nilikuwa na haraka."

Ismail huanza kulia, na Nasreen hungoja, kwa kuwa amezoea, mkoba mgongoni. Kisha hugeuza kichwa, huubana mtandio wake nyuma ya sikio la kulia, na kumpa babake sikio hilo. Ismail hupiga magoti sakafuni na kumwadhinia, polepole, neno kwa neno, kama mtu ambaye hapaswi kuwa mahali pengine popote.