Visahani Vitupu

Mama mdogo ndiye aliyenifumia lile sweta jekundu, nilipoajiriwa kwenye maabara ya bahari nikamlalamikia kwamba baridi ya kiyoyozi inaniingia mpaka mifupani. Gazeti lilipotoa habari ya utafiti wangu, mimi nilionekana nusu uso, sweta likaonekana zima. Mama mdogo aliikata ile picha akaitundika juu ya meza yake ya samaki sokoni.

Utafiti wenyewe ulikuwa hivi: nilipasua samaki arobaini, nikachunguza matumbo yao kwa hadubini, na katika thelathini na sita nikakuta nyuzi za plastiki, nyingi nyekundu. Redio ikaniita. Mtangazaji, mcheshi mmoja asiyejua kunyamaza, akaniuliza, "Daktari, wewe mwenyewe unakula samaki?"

"Tangu niyaone niliyoyaona, hapana," nikajibu. Watu waliguna mpaka nje ya kioo cha studio. Nami, sitaficha, niliona raha.

Sasa aibu yenyewe. Kila unapopasua samaki, unaweka pembeni kisahani kitupu cha kioo, wazi, kidake vumbi la chumba. Sisi tunakiita shahidi. Uzi wowote utakaouona humo haukutoka baharini. Mashahidi wangu arobaini walikuwa kabatini, wamefunikwa, hawajahojiwa, kwa sababu siku ya redio ilikuwa imefika nami nikajiambia nitawahesabu baadaye. Haraka haraka haina baraka. Mimi huyohuyo nawaambia wanafunzi wangu hivyo kila wiki.

Niliwahesabu wiki tatu baadaye, nikiandika ripoti kamili. Kisahani cha kwanza, nyuzi tano nyekundu. Cha pili, nne. Nilipofika cha kumi niliutazama mkono wa sweta langu, nikachomoa uzi mmoja, nikauweka chini ya hadubini kando ya uzi wa samaki. Zilifanana kama shilingi kwa ya pili. Uzi wa kufumia wa dukani nao ni plastiki, na hilo nilikuwa nalijua tangu chuoni. Nilipozitoa nyekundu zote, samaki wenye plastiki walibaki sita. Sita si haba, tena ni jambo la kutisha, lakini mimi sikuwa nimesema sita.

Nililivua sweta, nikalikunja, nikalitia kwenye mfuko. Hakuna aliyejua ila mimi. Wazo la kunyamaza lilinijia, na sikulifukuza upesi.

Kesho yake nilianzia sokoni, maana nilimwogopa mtangazaji kuliko mama mdogo. Picha yangu ilikuwa palepale. Mezani hapakuwa na samaki hata mmoja, ila nyanya na vitunguu.

"Wateja wamekukimbia, mama?"

"Nani kasema? Nimewakimbiza mwenyewe." Alinisogezea kigoda. "Walikuja kuniuliza, ya redioni ni kweli? Nikawaambia, mwanangu hasemi asichokiona. Sasa niseme hivyo halafu niwauzie? Wenzangu wameninunia, eti nimewaharibia soko. Wacha wanune. Msema kweli mpenzi wa Mungu."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilimweleza yote, mbiombio, macho yangu yakiwa kwenye vitunguu. Nilipomaliza alichukua kitunguu kimoja akaanza kukiambua ganda bila sababu.

"Kwa hiyo samaki wangu walikuwa wazima."

"Wengi wao."

"Na zile nyuzi ni za sweta."

"Kosa ni langu, mama. Vile visahani..."

"Nimekusikia." Aliinuka, akaitungua picha. Nilidhani ataichana. Aliikunja mara mbili akaitia kwenye mkoba wake. "Utarudi redioni ukawaambie. Kwa sauti ileile uliyowaambia mwanzo."

"Nitawaambia."

"Waambie ni sweta." Akainamisha kichwa, yeye ambaye hakumkosea mtu. "Hapa sokoni wanajua, nitavumilia. Ila huko redioni usiseme nani kalifuma. Naona haya."

Hapo ndipo nilipochomeka hasa. Aibu ilikuwa yangu peke yangu, na sasa nilikuwa nimemtwisha na yeye.

Redioni walinipa dakika tatu. Nilisema yote: haraka yangu, visahani, sweta, samaki sita. Nikasema plastiki baharini imo, haikuhitaji msaada wangu. Nikawaomba radhi wauza samaki. Mtangazaji alicheka hadi akapaliwa.

"Daktari, hebu tumalizie," akasema akijifuta machozi. "Sweta lenyewe ulilitoa wapi?"

Asubuhi ile nilikuwa nimejiapiza kwamba mbele ya kipaza sauti kile sitasema tena neno lisilo la kweli.

"Mtumbani," nikasema.