Mikono ya Delmer

Jumanne, saa nne kasoro tano asubuhi, Marlys Hovland aliegemeza simu kwenye kopo la unga, akamfunga mumewe vifungo vitatu vya shati. Vya chini aliviacha. Kuanzia hapo kwenda chini, Delmer hakuwepo tena.

Alitoweka taratibu. Theluji ya Novemba ilipofunga barabara, kliniki ya magonjwa ya akili ilimruhusu aonane na daktari wake kwa simu ya video, badala ya kusafiri mwendo wa saa tatu hadi mjini. Ilikuwa nafuu kwa wote. Desemba miguu ikaenda; Marlys akafua soksi, akazikunja, akaziweka kabatini. Februari ikaenda mikono, akaanza kumlisha. Kamera iliona uso na mabega tu, na hivyo vilibaki vizima.

Jirani yao, Arvid, aliwaletea barua mchana huo.

"Naona miguu imekwenda, mzee."

"Tangu Krismasi."

"Afadhali. Hutanikanyaga tena kwenye dansi."

"Uliwahi kucheza wewe? Ulikuwa unasimama tu kama nguzo."

Arvid akacheka, akamaliza kahawa, akaenda kulisha ng'ombe wake.

Barua ilitoka kliniki. Ijumaa wangeamua kama ofisi ya mjini ibaki wazi au wagonjwa wote wahamie kwenye simu. Mwenye neno aje aliseme.

Marlys alikuwa na neno. Zamani Daktari Pfeifer alimpokea kila mgonjwa mlangoni kwa kumshika mkono, akaushikilia kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida. Dawa ya Delmer ikizidi mwilini, mikono hutetemeka. Mkono ndio uliomwambia daktari, kwa sababu Delmer mwenyewe, hata nyumba ikiungua, angesema si vibaya. Kaunti nzima husema hivyo. Na sasa Delmer alikuwa na kiu isiyokatika, mtungi baada ya mtungi, dalili nyingine ya dawa kuzidi.

Ijumaa alimfunga mkanda mabegani, akaendesha gari hadi mjini. Kwenye maegesho alimwomba Mungu ujasiri, akauhisi ukija.

Ukumbini wagonjwa walikuwa wamekaa vitini, vichwa na mabega, wake na waume zao wakiwanywesha kahawa. Daktari Pfeifer alinyoosha mkono kumsalimu Delmer, akaurudisha, akamgusa bega.

"Mikono inaendeleaje, Delmer?"

"Si vibaya, daktari."

Daktari akamgeukia Marlys, akanong'ona. "Bila mkono nabahatisha tu, mama. Nimewaambia wenzangu. Wanasema nimezoea mambo ya kale."

Meneja, Bwana Strand, alisoma ripoti. Wagonjwa tisini na sita kwa mia walisema picha ni safi na sauti inasikika. Akavua miwani.

"Kuna mwenye malalamiko?"

Hakuna aliyenyoosha mkono. Wengi hawakuwa nao. Marlys alikuwa na yote miwili, na yote miwili ilibaki juu ya mkoba wake.

"Mama Hovland, nilidhani ulitaka kusema kitu."

Marlys akasimama. Ujasiri aliopewa ulikuwepo bado. Aliutumia kusema kwamba wanashukuru sana, na biskuti ni nzuri.

Ofisi ikafungwa mwisho wa mwezi, siku mbili baadaye.

Ijumaa ile wakirudi, walipokaribia nyumbani, Marlys alipeleka mkono kwenye kiti cha pili, kwa mazoea ya miaka arobaini na moja. Mkono wa Delmer ulikuwepo. Haukuonekana, lakini ulikuwepo, wa baridi, ukitetemeka mpaka kiwiko.

"Tangu lini?"

"Januari."

"Na ukanyamaza, Delmer!"

"Si vibaya sana."

Marlys akaendesha kwa mkono mmoja mpaka nyumbani.

Jumanne iliyofuata hakumfunga vifungo. Aliutafuta ule mkono, akauweka ndani ya viganja vyake, akauinua mbele ya kamera.

"Ni wa Delmer," akasema. "Tazama unavyotetemeka. Dawa imezidi."

Daktari Pfeifer alisogea karibu na kioo, akatazama kwa muda mrefu. Alikuwa mtu makini.

"Siuoni, mama. Naona yako tu, inatetemeka." Akafungua daftari lake la miadi. "Umechoka, Marlys. Nikupangie na wewe siku ya kuonana nami?"

"Kwa simu?"

"Siku hizi ni kwa simu tu."

Marlys aliinama, akaitazama miguu yake chini ya meza, ndani ya viatu vya nyumbani.

"Kama si usumbufu," akasema.