Mkono wa Msasa

"Mama, hiyo ni ndoo, si kisima," muuza vyombo alisema. "Ukizama humo, nitawaambia nini watu wa nyumbani kwako?"

 Kichwa cha Msasa kilikuwa ndani ya ndoo nyeupe ya lita ishirini na tano, pua ikisaka. Alinusa chini, akanusa pembeni, akanusa ukingoni mfuniko unapokaa. Haikunuka siki wala rangi ya ukuta. Ilinuka plastiki mpya, basi. Akachomoa kichwa, kilemba kikiwa kimemkaa upande.

"Nataka chombo cha kuchachushia bia," alisema. "Na safari hii sitaki utani."

"Kwani safari iliyopita ulinunua utani?"

"Nilinunua kwako."

Muuza vyombo alicheka mpaka akashika rafu. Duka lenyewe lilikuwa jembamba kama ujia, vyombo vimepandiana mpaka darini, na kati ya vyombo hivyo, karibu na mguu wa Msasa, ilisimama ndoo yake ya zamani. Alikuwa ameibeba ubavuni kutoka nyumbani, njia nzima, kama mtu anayempeleka mgonjwa kwa daktari.

Jina la Msasa alilipata jikoni, kwenye hoteli anakoosha vyombo, mwaka wa tisa sasa. Sufuria ikiungua mpaka mpishi akataka kuitupa, husema, "Mpe Msasa." Naye husugua hadi kwenye kitako cha sufuria mtu aweze kujitazama na kuchonga nyusi. Miaka tisa alikuwa akipokea vitu vikiwa vimekwisha: sahani zilizokwishaliwa, glasi zilizokwishanywewa, karamu za watu zikiwa zimebaki mifupa na vijiti vya meno. Hakuna aliyewahi kurudi jikoni kuuliza nani kaosha. Alitaka, japo mara moja, kuwa mwanzoni mwa kitu.

Ndiyo maana Jumanne na Alhamisi jioni, mikono ikinuka sabuni, alikuwa akikaa darasani pamoja na watu wengine kumi kujifunza kupika bia ya nyumbani. Mwalimu wao alikuwa mstaafu wa kiwanda cha bia, mzee mpole aliyeizungumzia hamira kama watu wanavyozungumzia wajukuu. Na kulikuwa na mwanamke mmoja, mwenye kiwanda kidogo cha bia nyuma ya ghala za nafaka, aliyetaka kumchukua mtu mmoja na kumfundisha kazi. Vyeti hakuuliza. Alisema ataonja. Kila mmoja alete chupa mbili, na atakayeleta bia safi kuliko wote ndiye.

Siku ya kuonja ilikuwa wiki nne kutoka Jumamosi ile inayokuja. Bia huchacha wiki mbili kwenye ndoo, hukaa wiki mbili kwenye chupa. Asipopika Jumamosi hiyo, basi, akaoshe vyombo mpaka azeeke.

Na bia mbili zilikuwa zimekwishamharibikia.

Ya kwanza ilikuwa na uchachu wa mbali. Mwalimu aliionja, akafumba jicho moja. "Kuna mgeni humu ndani," alisema. "Safisha zaidi." Sasa kumwambia Msasa asafishe zaidi ni kama kumwambia jogoo aamke. Aliisafisha ndoo ile hadi mabega yakamuuma. Bia ya pili ikatoka mbaya maradufu. Mumewe, fundi viatu ambaye katika maisha yake hakuwahi kukataa kitu kilichomo kwenye glasi, alionja, akaiweka glasi chini taratibu.

"Mama Doti," alisema, "hii tuitunze. Siku tukinunua vitu vya shaba tutavisafishia."

"Haya, tuanze upya," muuza vyombo alisema sasa. Alivuta kutoka juu boksi kubwa lenye picha ya mwanamume mwenye ndevu, ameinua glasi, meno yote nje. "Seti kamili. Ndoo, mpira wa kuhamishia, kipima sukari, kipima joto, vifuniko vya chupa mia, na aproni."

"Huyu anacheka nini?"

"Ameshanunua."

"Rudisha. Kipima joto ninacho, aproni ninayo, na kucheka nitacheka mwenyewe bia ikitoka."

Akamwonyesha chombo cha chuma kisichoshika kutu, kimetulia kwenye miguu mitatu, koki yake inang'aa. "Huyu ndiye bwana mwenyewe. Sugua utakavyo." Kisha akataja bei. Msasa alikirudishia kile chombo mfuniko wake polepole, kama mtu aliyefungua mlango wa chumba kisicho chake.

Akamwonyesha chupa kubwa ya kioo, tumbo pana na shingo nyembamba. "Kioo hakinywi harufu. Wapishi wengi wa bia wanapenda hii."

"Mkono unapita wapi?"

"Mkono haupiti. Unatumia brashi ndefu."

"Nyumbani nina mtoto wa mwaka na nusu. Kitu akikikuta kimesimama asubuhi, jioni kimelala."

Akairudia ile ndoo nyeupe ya plastiki. Aliingiza mkono, akaupitisha ukutani kwa ndani, ncha za vidole zikitembea taratibu. Vidole vya Msasa vilikuwa na nyufa za maji ya moto, lakini vilikuwa vinajua kusoma. Kwenye sahani vilihisi punje ya mafuta ambayo macho yamekwishaipita. Humu havikukuta kitu. Palikuwa laini kama shavu la Doti akitoka kuoga.

Kisha, bila kupanga, aliinama na kutia mkono uleule katika ndoo yake ya zamani.

Ulimi wa paka.

Akarudi kwenye mpya. Shavu. Akarudi kwenye ya zamani. Ulimi wa paka, chini mpaka juu.

"Kaka," aliita, "hebu njoo uitazame hii."

Muuza vyombo aliibeba ile ndoo hadi mlangoni kwenye mwanga, akaiinamisha. Ndani yake kulikuwa na mistari myembamba maelfu, inazunguka na kuzunguka, kama shamba lililolimwa kwa sindano.

"Mama, hii umeiosha kwa nini? Kwa patasi?"

"Waya wa kusugulia."

"Plastiki? Kwa waya?"

"Tangu siku niliyoinunua. Nilikuwa naitoa uduka, ile harufu ya dukani."

Alianza kucheka, akamwona usoni, akaacha. "Sasa vijidudu ndimo wanamolala, humo kwenye mitaro. Unatia dawa, dawa inapita juu, wao wamejifunika zao."

Msasa alikaa juu ya kreti lililopinduliwa. Nje watu walipita na mizigo yao, na mmoja aliuliza bei ya beseni, akajibiwa, akaenda. Yeye alikuwa akiutazama mkono wake wa kulia. Mkono huu ndio uliompa jina. Huu ndio mpishi aliousifu mbele ya wageni. Na kila usiku alipodhani anaisafishia ile bia njia, alikuwa anamchimbia adui yake mashimo ya kulala. Kadiri alivyojitahidi ndivyo alivyoharibu. Hilo ndilo lililomchoma.

"Chukua kioo," muuza vyombo alisema kwa upole. "Kioo hakitaujali mkono wako. Nitakupunguzia."

Alifikiri. Alifikiri sana, hata muuza vyombo akaenda kumhudumia mtu mwingine akarudi.

"Nipe ndoo," alisema.

"Ipi?"

"Ya plastiki. Kama ileile. Na koki mpya, na mpira mpya, na kile kidude cha kutolea hewa kwenye mfuniko. Na dawa."

"Utaikwaruza tena, mama."

"Ndoo haikukosa. Nimekosa mimi, na mimi ndiye ninayerudi nayo nyumbani."

*

Jumamosi shayiri ilichemka tangu asubuhi, na vyumba vyao viwili vikajaa harufu ya mkate unaotaka kuiva. Fundi viatu aligongagonga nyundo barazani akiwa na misumari mdomoni. Mama mkwe alimlisha Doti uji, kijiko kimoja kwa Doti, kijiko kimoja kwa gauni la Doti.

Msasa alikuwa chini, ndoo mpya mbele yake, akiipangusa kwa nepi kuukuu iliyolainika kwa kufuliwa. Alipitisha kitambaa mara moja, akasuuza. Mara ya pili, akasuuza. Bega lake lilikuwa linataka kukaza, na kila lilipotaka, alivuta pumzi akalilegeza. Ilikuwa kazi ngumu kuliko masufuria yote aliyowahi kuyasugua.

Mama mkwe alimtazama hadi akashindwa kuvumilia.

"Mwanangu, hiyo unaiosha au unaibembeleza?"

"Ninaiosha, mama."

"Mimi ndiye niliyekufundisha kusugua. Ulikuja nyumba hii hujui sufuria inashikwa upande gani."

"Ni kweli, mama. Sikujua."

Akatoka kwenda uani kutazama sufuria ya bia, iliyokaa ndani ya beseni la maji baridi ipoe. Alitia kipima joto, akasubiri, akabadilisha maji. Haikuchukua hata dakika tano. Aliporudi, mama mkwe alikuwa amekaa juu ya kigoda, ndoo mpya kati ya magoti, mikono ya gauni imekunjwa hadi kwenye viwiko. Mkononi alishika waya. Uso wake ulikuwa umejaa huruma.

"Pumzika kidogo," alisema, "nikumalizie."

Mkono ukaanza kushuka.

"Mama, acha!"

Nyundo ya barazani ilinyamaza. Doti alimtazama mama yake, akamtazama bibi yake, akaangua kilio. Miaka kumi Msasa alikuwa hajawahi kupandisha sauti mbele ya mwanamke yule, hata siku waliyogombana kwa sababu ya mapazia.

Mama mkwe aliuweka waya sakafuni.

"Umenifokea."

"Nimekufokea, mama." Alikuwa amekwishapiga magoti, mikono yote miwili imeikumbatia ndoo. "Nisamehe. Nisamehe sana. Lakini usiiguse."

"Ndoo tu hii!"

"Ndiyo, mama. Ndoo tu."

Fundi viatu alichungulia mlangoni, misumari ingali mdomoni, akaona si mahali pa mwanamume, akambeba Doti akatoka naye.

Msasa aliivuta ile ndoo ya zamani kutoka pembeni, iliyokuwa sasa ya kufulia nepi. Akamwaga maji, akaikausha. "Naomba mkono wako, mama." Akaushika mkono wa mama mkwe, mwepesi na mkavu, akautia ndani. Kisha akautia katika ndoo mpya. Yule mama hakuambiwa atafute nini. Vidole vyake vilikuwa vimeosha vyombo tangu kabla Msasa hajazaliwa. Vilikwenda, vikasimama. Akairudia ile ya zamani mwenyewe, bila kuongozwa.



"Nani kaifanya hivi?"

"Mimi, mama. Kwa mapenzi."

Mama mkwe aliuokota waya, akautia katika mfuko wa gauni lake. "Basi humu ndani asiushike mtu mpaka bia yako iive," alisema. Akafikiri. "Hata mimi."

Bia ilipopoa waliimimina pamoja, mmoja kashika sufuria, mwingine kashika ndoo. Msasa alitia hamira, akafunga mfuniko, akachomeka kile kidude cha kutolea hewa na kukitia maji kidogo. Mama mkwe akaifunika ndoo yote kwa shuka lake zito, mwanga usiifikie.

Wiki mbili zilipita, hoteli ikaunguza masufuria yake kama kawaida. Siku ya kutia kwenye chupa Msasa alionja kijiko kimoja, amesimama, ameupa ukuta uso. Mumewe aliuliza, "Enhe?" Akachukua chupa ya kwanza, akaanza kujaza.

*

Kiwandani waliweka meza ndefu. Mwenye kiwanda alikuwa mwanamke wa makamo, buti za mpira miguuni, daftari kwapani. Hakuwa na maneno mengi. Alimimina kidogo, akanusa, akaonja, akaandika neno moja, akasogea kwa anayefuata. Glasi nane zilibaki nyuma yake zikiwa na bia, watu wanane wakizitazama.

Msasa alikuwa wa tisa. Alifungua chupa mwenyewe. Povu lilipanda, likakaa.

Mwenye kiwanda alionja. Akafungua daftari. Kalamu ilikuwa bado haijagusa karatasi mwalimu, aliyekuwa akimsaidia pale kiwandani, alipomjia pembeni.

"Samahani, mama. Lile bomba la nyuma limeanza tena. Maji mpaka mlangoni."

"Si juzi tu fundi alikuja?"

"Alikuja, akafunga kitambaa."

"Kitambaa! Nilimwambia abadilishe kona nzima. Kona yenyewe iko hivi, angalia," na akachora hewani kwa kalamu jinsi bomba linavyopinda, "halafu hapa ndipo presha inapogonga." Akanywa. "Sasa kitambaa kitazuia nini?" Akanywa tena. "Mpigie. Mwambie leo, si kesho."

Walilalamika hivyo kuhusu fundi, kuhusu vipuri, kuhusu valvu iliyouzwa kama mpya kumbe imepakwa rangi. Wanafunzi wengine walikuwa wameacha kusikiliza. Walikuwa wanaitazama glasi. Ilipanda mdomoni ikashuka, ikapanda ikashuka, mkononi mwa mtu anayekunywa kitu alichokiagiza mwenyewe. Bia ilifika nusu. Ikapita nusu.

Mwenye kiwanda aliinua glasi kwa mara nyingine, katikati ya sentensi, na hakikuja kitu. Akaitazama, kidogo kwa mshangao.

Msasa alisogea mezani, akachukua opena, na bila kuambiwa na mtu akafungua chupa ya pili.