Sufuria Iliyong'aa Kupita Kiasi

Napenda itambulike rasmi kwamba sikusomea upishi. Nilihukumiwa upishi. Muhula uliopita niliivalisha kengele ya bweni soksi mbili nene, na asubuhi ile shule nzima, pamoja na mwalimu wa zamu, ililala hadi jua likaingia madirishani. Nikapewa wiki tatu za kumenya karoti za wanafunzi mia nne. Niliachiliwa nikiwa mtu mwingine, mwenye vidole vya rangi ya machungwa.

Kwa hiyo Alhamisi niliporudi likizo na kuikuta familia yangu hatarini, nilikuwa tayari.

Hatari yenyewe ilikuwa hivi. Mama ni mhudumu wa maabara ya hospitali. Huosha vichupa na kubeba sampuli za watu. Wiki hiyo alikuwa ameanza masomo ya jioni ili awe mtaalamu kamili wa maabara, jambo alilolitamani tangu kabla sijazaliwa. Mama akiwa darasani, mpishi ni Baba. Baba ni fundi umeme hodari, lakini jikoni anajua kukaanga tu. Jumatatu chipsi na mayai. Jumanne mayai na chipsi. Jumatano alichoka, akanunua chipsi. Kamishna, kitinda mimba wetu wa miaka mitano, aliyepewa jina hilo kwa wingi wa amri zake, hakuwa amekwenda chooni siku tatu, na alimtangazia habari hiyo kila mgeni.

"Naacha masomo," Mama alisema jioni hiyo, hata viatu hajavua. "Siwezi kukaa napima damu za watu huku wanangu wanaishi kwa mafuta."

"Mama, nipe kesho tu," nikasema. "Ukirudi ukakuta hatujala chakula cha maana, acha."

"Wewe? Uliyechemsha mayai mpaka yakaruka darini?"

"Nilikuwa mdogo."

"Ilikuwa likizo iliyopita!" Akanitazama, kisha akashusha pumzi. "Haya. Kesho. Na mboga ziliwe, zisizikwe nyuma ya kochi kama siku zile."

Ijumaa saa kumi na moja nikawaita wadogo zangu jikoni. Wakili, mwenye miaka tisa, alikuja na pingamizi mkononi.

"Dada, kwa nini tupike sisi? Mtoto si hupikiwa?"

"Mtoto hupikiwa chipsi. Unataka Mama aache shule?"

Akafikiri. "Nipe kisu."

Nikampa kile butu, na nyanya. Mimi nikachukua kikali, vitunguu na karoti. Kamishna akapanda juu ya stuli mbele ya sinki kuchambua mchicha na kuuosha jani kwa jani, kana kwamba kila jani lina kesi yake. Maharage Mama alikwisha kuyachemsha akayaweka kwenye friji, kwa hiyo kazi ilikuwa nyepesi: kitunguu kwa kijiko kimoja cha mafuta, nyanya, karoti, maharage, maji kidogo, na mwishoni mchicha. Wali ulichemka pembeni. Nusu saa tu, na hakuna aliyejikata wala kulia, isipokuwa mimi, na chanzo kilikuwa vitunguu.

Tatizo likabaki moja. Kamishna hajawahi kumeza kitu cha kijani kwa hiari yake.

"Hapa," nikatangaza, nikigonga sufuria kwa mwiko, "tunafuata sheria ya bwalo. Anayemaliza sahani yake ndiye anayeongezewa. Asiyemaliza anatazama wenzake."

"Na mchicha?" Kamishna akauliza.

"Mchicha hauongezwi kwa watoto. Ni wa viranja."

"Mimi ni Kamishna!"

"Maliza kwanza, tuone cheo chako."

Sijawahi kuona sheria ikitiiwa kiasi kile. Kamishna alimaliza, akaongezewa. Wakili akadai haki sawa, akaongezewa. Mimi, kwa kulinda nidhamu, nikajiongezea. Tuliendelea kulinda nidhamu mpaka mwiko ukakwaruza chini. Kisha nikawakumbusha kwamba bwaloni hakuna anayeondoka kabla ya ukaguzi. Tukasugua sufuria kwa jivu na sabuni, tukakausha sahani, tukafungua madirisha, tukawapelekea kuku wa jirani maganda. Jikoni paling'aa kama hapajawahi kupikwa kitu.

Hapo ndipo nilipogundua kosa langu. Bwalo halijawahi kumbakizia mtu chakula.

Mlango ukafunguliwa. Baba akaingia na mfuko wenye madoa ya mafuta. "Nimeleta chipsi za akiba," akanong'ona, "endapo mmeunguza." Nyuma yake alikuwa Mama.

Mama akautazama mfuko. Akaitazama sufuria. Akanusa: sabuni tupu.

"Kumbe," akasema, sauti ya chini kabisa. "Mngeniambia ukweli tu. Jumatatu naenda kurudisha vitabu."

"Mama, tumekula maharage!" Wakili akaruka. "Ni kwamba ushahidi wenyewe ndio tulioula. Ila tuna mashahidi. Kuku wa jirani."

"Kuku hawaapishwi," Mama akasema, akaketi bila kuvua hata mkoba.

Nilikuwa na hotuba tayari, lakini kwa mara ya kwanza nikaona mzaha hautanitoa. "Mama, una njaa?"

"Sana."

"Basi kaa hapo hapo."

Kwenye friji kulikuwa na mayai manne, nyanya mbili na njegere ndani ya maganda yake. Sikutoa amri hata moja. Kamishna aliburuta stuli, akanawa mikono hadi viwikoni, akajipa kazi ya njegere. Wakili akachukua kisu butu na nyanya. Nikawasha jiko. Mama aligeuza kiti atutazame vizuri. Kila Kamishna alipomenya njegere tatu, moja ilipotelea kinywani.

"Kamishna, unakula nini?"

"Sili. Nakagua."

Mama akaziba mdomo kwa kiganja, mabega yakimtikisika. Mayai yalipoiva na njegere zake, tukamwekea. Akala. Baba naye akavuta kijiko, akaanza kula upande wa pili wa sahani ile ile. Mfuko wake ukapoa peke yake mezani.

"Chumvi haitoshi," Mama akasema. Kisha akafungua mkoba, akatoa daftari. "Jumatatu nina jaribio. Nyamazeni."

"Ina maana huachi?" Wakili akauliza.

"Ina maana mnyamaze."

Kamishna alimpandia Mama mapajani na kuweka kidole kwenye mchoro wa duara jekundu.

"Hii nini?"

"Chembe ya damu."

"Inaliwa?"

Mama akamsogeza kichwa pembeni kidogo, apate kuona mstari unaofuata, akaendelea kusoma.