Uta wa Bibi Kudra

Mimi nina hasira za karibu, nasema mapema mtu asije akashangaa. Mama anasema nilizaliwa nimekunja uso. Lakini kwa hili la uta nilikuwa na haki yangu, na mpaka leo anayenicheka pale stendi ya Kibiti namwuliza: wewe ungefanya nini?

Mimi ni seremala, jina langu Mudy. Kibanda changu kiko Kibiti kando ya barabara kuu, natengeneza vitanda, milango na makabati ya vyombo. Nilikuwa nimeposa Mchukwi, kwa binti anaitwa Sabra. Nilimpenda, jamani. Nilimpenda mpaka nikawa napiga nyundo juu ya kidole huku natabasamu. Posa ilikubaliwa, nikaha ikapangwa Ijumaa. Sabra akawekwa ndani kama ilivyo desturi, na simu yake ikachukuliwa na Bibi Kudra, bibi yake aliyemlea. Huyo bibi ukoo mzima unamwogopa. Akisema kesho jua lisichomoze, watu wanatafuta tochi.

Wiki ile ya harusi, Mjomba Saadi, ndugu yake mama, ambaye ndiye aliyekuwa mshenga wangu, akaja kibandani na ujumbe.

"Mudy, Bibi Kudra anasema Alhamisi, siku ya kupeleka begi la nguo za bibi harusi, uje mwenyewe, na uje na uta."

"Uta?"

"Uta. Bila uta mwari hatoki ndani, na harusi hakuna. Kasema uwe wa mkono, hataki wa dukani. Uwe laini. Usinuke moshi. Na uwe wa kumtosha mwari, kichwani mpaka miguuni."

"Uta wa nini sasa, mjomba?"

"Mimi nimetumwa, nimefika," akasema, akavuta stuli akakaa. Lakini Mjomba Saadi hawezi kukaa na jambo asilolijua bila kulieleza. "Itakuwa nguruwe pori. Shamba lao la mihogo linamalizwa kila mwaka. Kwetu Umatumbini zamani mkwe alikuwa anapimwa. Bibi anataka kuona kama unaweza kulinda."

Nikaona ni kweli. Vijana wa siku hizi ukiwaambia uta wanakutolea macho, wao wanajua upinde basi. Mimi shuleni kwenye Kiswahili nilikuwa sishikiki. Uta ni upinde, upinde ndio uta. Nikamwambia mjomba hivyo kwa majivuno, naye akatikisa kichwa kama aliyekuwa anajua siku zote, mnafiki mkubwa.

Sasa mtu mwenye akili zake anachonga uta kwa mti mgumu unaopindika, mkole kwa mfano. Lakini bibi kasema laini, basi laini. Nikachukua paini, ile mbao nyeupe inayoletwa na malori kutoka Mafinga, ambayo ukiikwaruza kwa ukucha inabaki na alama. Urefu haukunisumbua. Mlango wao wa uani nimeutengeneza mimi, na Sabra akisimama pale utosi wake unafika kwenye komeo la juu. Komeo hilo nimelipiga kwa mkono wangu, urefu wake naujua.

Wa kwanza ulivunjika kabla haujaitwa uta. Nilikuwa na haraka, sikuona fundo lililojificha karibu na pale pa kushikia. Nikaupinda kidogo tu, ta! Kipande kikanichapa sikioni. Nikautukana ule ubao matusi ambayo siwezi kuyarudia hapa, na nilikuwa na udhu.

Wa pili nikatulia. Nikapekua mbao zangu zote mpaka nikapata moja ambayo nyuzi zake zinakwenda moja kwa moja toka ncha hadi ncha, haina fundo hata la dawa. Mti laini ukiufanya mwembamba kama fimbo umekwisha, kwa hiyo nikauachia upana, nikawa naupunguza kidogo kidogo kuelekea kwenye ncha. Upande wa mgongo, ule unaomtazama adui, sikuugusa kwa randa. Ukikata nyuzi za mgongoni, hapo hapo ndipo unapochanika. Nikaugandisha na kitambaa kwa gundi ya mbao ili ushikane vizuri. Kitambaa chenyewe kilikuwa msuli wa Mjomba Saadi. Alikuwa amelala, sikutaka kumwamsha.

Mafundi wengine wanaupasha moto uta ili unyooke. Mimi nimeambiwa usinuke moshi! Hata jirani yangu anayechoma mishikaki nilimwomba ahamie ng'ambo ya barabara. Akaniuliza nina wazimu. Nikamwambia ninao, hama.

Kazi yenyewe ikawa kuufundisha kupinda. Nikautundika kwenye msumari ukutani, nikafunga kamba ya nailoni, ile ya nyavu, nikaivuta kidogo, nikarudi nyuma kutazama. Mkono mmoja unapinda vizuri, wa pili umekakamaa kama mjomba akiombwa hela ya sukari. Nikaukwangua ule mgumu kwa kipande cha chupa, nikavuta tena, nikatazama tena. Sasa ule wa kwanza ndio umegoma. Kazi hiyo haimtaki mtu wa hasira. Kila nikitaka kuurusha barabarani uvunjwe na basi la Lindi, namkumbuka Sabra kakaa chumbani gizani ananingoja, nauokota tena. Na nilikuwa naogopa, sitaficha. Kama bibi angeukataa uta ule, mke sina. Nilikuwa nakwangua huku nasoma kila dua ninayoijua, mpaka ya kuingilia chooni.

Mishale nikaitengeneza kwa matete ya bondeni, nikachomeka misumari kwenye ncha. Uta nikaupiga msasa mpaka ukawa unateleza mkononi. Mungu anisamehe, niliubusu.

Alhamisi nikavaa kanzu nyeupe. Uta nikauviringisha kwenye kanga pamoja na mishale, mjomba akaupakata kwenye bodaboda, mimi nikabeba begi. Dereva akauliza tumefunga kitu gani kirefu hivyo. Nikamwambia endesha.

Mchukwi tulipokelewa kwa vigelegele. Uani kumejaa wanawake, pilau linanukia, na ndoo kubwa ya juisi ya ukwaju iko tayari juu ya meza. Bibi Kudra akatoka ndani na kanga mpya, mikononi kashika bakuli kubwa la kaure.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mkwe wangu. Uta umeuleta?"

"Nimeuleta, bibi."

"Wa mkono?"

"Kwa mikono yangu hii miwili."

"Laini?"

"Unateleza, bibi."

"Haunuki moshi?"

"Hata kidogo. Nimemhamisha mtu wa mishikaki."

Hilo hakulielewa, lakini alifurahi, nikaona meno yake kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Akanisogezea bakuli kwa mikono miwili.

"Haya," akasema. "Mimina."

Nikamtazama. "Nimimine nini, bibi?"

"Uta, mwanangu. Mimina."

Nikageuka, nikauchukua kwa mjomba, nikauvua kanga, nikaunyanyua juu watu wote wauone. Vigelegele vikakatika. Mama mmoja nyuma akasema, "Yallah! Kaleta upinde!"

"Hiki nini?" akauliza Bibi Kudra.

"Uta, bibi."

"Uta ni mafuta!" Sauti hiyo nadhani waliisikia mpaka Nyamisati. "Mafuta ya ufuta! Ya kukamua kwa mkono! Ya kumsinga mwari! Nimsinge mjukuu wangu kwa ubao?"

Ndipo nikaelewa. Ufuta nimeukuta tangu nazaliwa, magunia yanapita mbele ya kibanda changu kila msimu, na mafuta yake sisi tunayaita mafuta ya ufuta. Kumbe wazee hawa wanayaita uta. Laini, yasinuke moshi, ya kumpaka mtu kichwani mpaka miguuni! Nikamtafuta Mjomba Saadi. Alikuwa amejificha nyuma ya mnazi mwembamba kuliko yeye.

"Mimi nilifikisha neno kama lilivyo," akasema kutoka huko.

Hapo akainuka Babu Salumu, mume wa Bibi Kudra, mzee asiyesema sana kwa kuwa nafasi haipati. Akaupokea uta, akaupitisha kidole toka ncha hadi ncha.

"Nani kachonga?"

"Mimi, babu."

"Kwa paini?"

"Kwa paini."

"Hautavunjika?"

"Babu, usiuvute sa..."

Akapachika mshale, akauvuta wote. Alikuwa analenga papai lililoning'inia mtini pale uani. Mshale ukaliacha papai na heshima zake, ukapiga ndoo ya juisi, ukaingia upande huu ukatokeza upande wa pili. Ukwaju ukaanza kuruka pande zote mbili, wanawake wakakimbilia vikombe, mmoja akaziba tundu kwa kidole akapiga kelele aletewe mwingine azibe la pili. Nami pamoja na balaa lote lile nilisema moyoni: ubao laini huo, ndoo nzima!

"Basi!" akasema Bibi Kudra. "Harusi hakuna. Begi lao warudi nalo. Mtu neno la herufi tatu limemshinda, ndoa ataiweza?"

Mimi mwenye hasira, ambaye nilikuwa na maneno ya kumjibu kila mtu Kibiti nzima, nikaanza kubembeleza. "Bibi, nakuomba. Naenda kununua mafuta sasa hivi."

"Ya dukani, kwa mwari wangu? Na wa mkono, mpaka ufuta uoshwe, ukauke, utwangwe, ukamuliwe, kesho ndiyo Ijumaa! Hakuna!"

Nikasimama pale nalowa ukwaju. Nilikuwa nampoteza Sabra mbele ya macho yangu, kwa ujinga wangu, na sikujua nifanye nini.

Dirisha la chumba cha ndani likafunguka.

"Bibi!" Ilikuwa sauti ya Sabra. "Nipakeni hata yale yaliyokaangia samaki! Mimi kesho naolewa!"

Mwari hasemi. Mwari haonekani wala hasikiki mpaka siku yake ifike, na huyu kasikika mpaka barabarani. Bibi Kudra akalitazama dirisha. Akanitazama mimi. Akaliweka bakuli chini.

"Mwozesheni," akasema. "Mmoja hasikii, mwingine hanyamazi. Nikiwatenganisha hawa nitakuwa nimewaharibia watu wengine wawili."

Vigelegele vikaanza upya. Mimi nikakaa chini pale pale, na kanzu yangu nyeupe, katikati ya juisi, nikalia.